Doa, Jiwe na Nuktamkato

Neno lenyewe ni "indelible". Kiingereza hulitumia kwa wino, kwa doa, kwa aibu, kwa kumbukumbu. Sisi tunasema "kisichofutika" na kazi imekwisha: mtoto wa darasa la tatu anaelewa, kwa sababu kufuta anakujua. Amefuta ubao, amefuta meza, amefutwa machozi. Lakini hebu mfundishe neno hilohilo mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kichina, anayejiandaa kwa mtihani wa kwenda kusoma Marekani, uone linavyomfikia likiwa limevaa suti na kubeba shada la maua.

Nina tabia ambayo wenzangu chumba cha habari wanaicheka: nasoma vitabu vya msamiati kama wengine wanavyosoma riwaya za upelelezi. Vya Kichina ndivyo navipenda zaidi. Kichina changu, nilichoanza kujifunza chuoni, kinatosha kufuata ninachosoma ilimradi kamusi iwe karibu. Ni fasihi ya aina yake. Ukiniuliza ni vitabu gani vimesomwa kwa makini zaidi na vijana wa mijini China tangu miaka ya 1990, mimi nisingeanzia kwenye riwaya. Ningeanzia kwenye vitabu vya maneno ya Kiingereza, vile vinavyofunguliwa kwenye treni, kitandani na chooni mpaka kurasa zinalegea.

Maarufu kuliko vyote ni kile cha Yu Minhong, mtu aliyeanzisha New Oriental mjini Beijing mwaka 1993. Kitabu chake cha maneno ya mtihani wa GRE kilipewa na watahiniwa jina la Hongbaoshu, kitabu chekundu cha hazina. Ndilo jina ambalo kizazi cha wazazi wao kilikiita kile kitabu kidogo cha nukuu za Mao. Utani huo una kaukweli ndani yake. Vyote viwili vilikuwa vya kukaririwa, na anayekariri haulizwi sana maana.

Sisemi hivyo kwa dharau, maana mbinu za kukariri zilizozaliwa kwenye ulimwengu huo zina ucheshi ambao walimu wetu wa Kiingereza hawajawahi kuufikia. "Ambulance" inasikika kwa sikio la Kichina kama "an bu neng si", yaani mimi siwezi kufa. "Ambition" inakuwa "an bi sheng", lazima nishinde. Nani atasahau? Neno limeunganishwa na mtu anayepiga kelele kitandani kwamba hafi, na hapo mwalimu amepata mshahara wake kwa haki.

"Indelible" haina mchezo wa sauti wa namna hiyo. Yenyewe hukatwa vipande: "in" ni kukanusha, "del" ni ile iliyomo kwenye "delete", "ible" ni kuwezekana. Kwa mara moja mbinu ya kukariri na historia ya neno zinakubaliana, maana kweli maneno yote mawili yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini "delere", kufuta au kuangamiza. Mpaka hapo sina neno. Tatizo langu linaanza mstari unaofuata, kwenye maana. Orodha na kamusi nyingi huweka maana mbili na kuzitenganisha kwa nuktamkato: "cabudiao de, bu ke momie de". Nuktamkato hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Tuanze na ya kwanza. "Ca" ni kufuta kwa kitambaa, "bu" ni si, "diao" ni kutoka au kudondoka. Unafuta, haitoki. Ndugu yake ni "xibudiao": unafua, haitoki. Hii ni lugha ya jikoni na ya beseni la nguo. Mama anaisema akishika shati la shule lililomwagikiwa wino. Kwa sisi wa Kiswahili muundo huu unafurahisha, kwa sababu unafanya kazi ileile inayofanywa na kiambishi chetu cha "-ik-": haifutiki. Kitendo kimejaribiwa, matokeo hayakuja. Mkono umo ndani ya neno.

Ya pili ni ya ukoo mwingine. "Bu ke" ni haiwezekani, kwa namna ya kimaandishi. "Mo" ni kusaga au kusugua mpaka kitu kiishe. Herufi yake, 磨, imekalia herufi ya jiwe, na ndiyo wanayotumia hata kwa kusaga wino wa zamani, kipande kigumu cha masizi na gundi kikisuguliwa kwa maji juu ya jiwe. "Mie" ni kuzima, kama moto, na kutoweka. Kwa hiyo "bu ke momie" ni kile kisichoweza kusuguliwa kikaisha wala kuzimwa. Nikiisoma mimi naona mabamba ya mawe. Xi'an kuna jumba zima la mawe ya maandishi, na humo yamo mabamba 114 yaliyokamilika kuchongwa mwaka 837, yenye vitabu vya mafundisho ya kale, ili msomi yeyote aweze kuja kusahihisha nakala yake. Hofu ya watu waliochonga mawe yale ilikuwa wakati: mvua, upepo, vizazi. "Momie" ni kazi ya wakati.

Sasa ziweke picha hizi mbili pamoja. Katika ya kwanza kuna mtu anayetaka kitu kitoke, anasugua, kinamshinda. Katika ya pili watu wote wanataka kitu kibaki, na adui ni miaka. Ya kwanza inaweza kuwa aibu. Ya pili ina harufu ya heshima. Nuktamkato inaziweka kama mapacha, na mwanafunzi anaachwa achague.

Atachagua nini? Ameambiwa kwamba "indelible" ni neno rasmi, la maandishi, la kuongeza alama. Anatazama maana mbili: moja ya mama na beseni, nyingine ya jiwe na kumbukumbu za taifa. Hata mimi ningechukua ya pili. Na akishaichukua, anachukua pia maneno yanayoandamana nayo kwenye Kichina, kwa sababu maneno hayasafiri peke yake. Katika Kichina cha shuleni na cha rasmi, "bu ke momie" mara nyingi huandamana na "yinxiang", yaani taswira iliyobaki moyoni, na "gongxian", yaani mchango. Insha ngapi za sekondari zimemalizika kwa mwalimu au babu aliyeacha taswira isiyofutika! Nasi tusicheke sana. Kazi yangu ya uandishi wa habari ina "pengo lisilozibika" lake, na kila wiki linazikwa na kufukuliwa.

Taswira isiyofutika inavuka salama, Kiingereza nacho kinayo. Mchango ndio unaokwama mpakani. Taarifa za Kiingereza zinazotoka Beijing, hasa za kumsifu marehemu au kiongozi mgeni, zimejaa "indelible contributions". Msomaji wa Kiingereza anaelewa, hakuna anayepotea, ila kuna kitu kinamkwaruza na pengine hawezi kusema ni nini. Msomaji wa Kiswahili anaweza. Jaribu kusema "mchango usiofutika". Kulikuwa na nani aliyeshika kitambaa akitaka kuufuta? Sisi tungesema mchango hautasahaulika, tukaondoa kitambaa kabisa. "Indelible" kwa nje ni neno la kifahari, la Kilatini, hata Waingereza wengi hawaoni tena kitenzi kilichomo. Lakini lilikotoka limebaki na mtu anayesugua.

Tazama linapofanya kazi yake kwa uaminifu. Wino wa uchaguzi: India iliutumia kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1962, unatengenezwa na kiwanda kilichoko Mysore, na hata huku kwetu wapiga kura huchovya kidole. Kwa Kiingereza wino huo ni "indelible". Lakini ngoja wiki kadhaa, ngozi inajimenya, kucha inakua, alama imekwenda. Hivi walidanganya? Hapana. Sheria haikuhitaji wino wa kushinda miaka elfu. Ilihitaji wino wa kumshinda mtu mmoja mwenye sabuni, limau na nia ya kupiga kura tena mchana. Neno linaapa kushinda mkono, halikuapa kushinda wakati. Kwa "momie" ni kinyume kabisa, na ndiyo maana kwa wino huu Kichina kinalazimika kuliacha na kusema "usiopauka" au kurudi kwa mama: "cabudiao".

Au chukua theolojia, ambako mtu angedhani nimeshindwa, maana huko neno ni la sifa. Mtaguso wa Trento ulitamka mwaka 1547 kwamba ubatizo, kipaimara na daraja takatifu huacha rohoni alama isiyofutika. Wengi waliopita mafundisho ya kipaimara wanaikumbuka sentensi hiyo kwa Kiswahili. Wakatoliki wa China wanaiita alama hiyo "shenyin", muhuri wa Mungu, na kivumishi chake ni "bu ke momie". Inasomeka vizuri, kwa utukufu. Ila kilichowashughulisha maaskofu hakikuwa miaka kupita. Kilikuwa ni swali gumu: mtu akibatizwa, kisha akaikana imani, kisha akarudi, abatizwe tena? Jibu likawa hapana, kwa sababu hata yeye mwenyewe akitaka kuifuta, hawezi. Mkono upo pale pale. Safari hii ni mkono wa mwenye alama.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa tarehe 27 Septemba 2018. Christine Blasey Ford, profesa wa saikolojia, aliulizwa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani ni kumbukumbu gani iliyo kali kuliko zote kuhusu shambulio alilosema lilimpata akiwa msichana. Akajibu kwa sentensi iliyoanza na neno letu, kabla hata ya kutaja kilichofanya nini: "Indelible in the hippocampus is the laughter." Kisichofutika, kwenye hipokampasi, ni kicheko. Alikuwa anaongea kama mwanasayansi wa ubongo na kama mtu aliyechekwa, kwa pumzi moja, na neno pekee la Kiingereza lililoweza kubeba yote mawili ni hilo, rasmi kama maabara na lina kitambaa mkononi. Miaka zaidi ya 30 ya kusugua imo mle ndani. Sasa mpe sentensi hiyo mtahiniwa aliyekariri "bu ke momie" pamoja na mchango na taswira. Atakisikia kicheko kile kama kitu kilichochongwa kwenye jiwe, karibu kama ukumbusho. Atapata alama za ufahamu, kwa maana ataijua kila sehemu ya sentensi. Ila yule mwanamke anayefuta hatakuwamo.

Hapo ndipo ninapoona hasara. Kwamba watu bilioni moja na zaidi wakiamua kusema "indelible contribution" siku moja itakuwa Kiingereza sahihi, hilo halininyimi usingizi. Kiswahili chenyewe kimechukua maneno ya watu na kuyageuza kinyumenyume bila kuomba radhi. Hasara ni kwamba mwanafunzi anapewa neno la kusemea maumivu, na linamfikia likiwa limeshageuzwa kuwa la kusemea sherehe. Siku atakayotaka kuandika kwa Kiingereza jambo la nyumbani kwao ambalo familia imelisugua miaka yote na halitoki, atalipita neno hilo kwenye orodha bila kujua kwamba lilitengenezwa kwa ajili yake.

Kuna atakayenijibu kwamba Kichina hakina kosa, na ni kweli. Waandishi wa Kichina huitumia "bu ke momie" kwa majeraha, kwa vita, kwa makovu. Hata mfano wa mawe wa kwangu mwingine angeuona tofauti. Ninacholaumu ni kitabu: kimepanga maana mbili zinazovutana, kikaweka nuktamkato katikati, kisha kwenye mfano kikachagua ile yenye maua. Zamani hilo halikuwa na madhara kwenye mtihani wenyewe. GRE ilikuwa inauliza vinyume vya maneno, neno likisimama peke yake, na kwa swali la namna hiyo maana yoyote kati ya hizo mbili ilitosha. Mwaka 2011 maswali ya vinyume yaliondolewa, na leo mtahiniwa anajaza neno ndani ya sentensi. Ndani ya sentensi ndimo kitambaa kinapoonekana.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba Kichina kina kila kitu cha kulifundisha neno hili kuliko Kiingereza chenyewe. Chukua ile "del" ya "delete". Kitufe cha kompyuta kwa Kichina ni "shanchu", na herufi ya kwanza, 删, upande mmoja ni vipande vya mwanzi vilivyofungwa pamoja, ndivyo vitabu vya kabla ya karatasi, na upande mwingine ni kisu. Ukikosea kuandika, unakwangua. Makarani wa kale waliitwa watu wa kisu na kalamu. Kila kijana wa Beijing anayefuta ujumbe kwenye simu anabonyeza kisu hicho. Basi "indelible" ni kile ambacho kisu hakikikwangui, na mwalimu hahitaji kwenda Roma kumweleza.

Halafu kuna tatuu. Moja ya adhabu tano za China ya kale ilikuwa kumchoma mhalifu usoni na kutia wino. Adhabu hiyo iliitwa kwa jina la wino wenyewe. Kwenye Shuihu zhuan, ile riwaya ya wahalifu wa kinamasi cha Liangshan ambayo Wachina wanaijua kama sisi tunavyojua hadithi za Sungura, kiongozi wao Song Jiang ana alama hiyo usoni tangu alipohukumiwa kwenda uhamishoni. Anapotaka kuingia mji mkuu kutazama sikukuu ya taa, uso ungemsaliti. Lakini tabibu wao An Daoquan alishaichoma alama kwa dawa kali, kisha akaupaka uso unga wa dhahabu na jade kila siku, mpaka ikaisha. Kitenzi anachotumia mwandishi kwa kuisha huko kina "mo" ileile ya jiwe. Mtu mwenye kidonda cha wino usoni, tabibu mwenye unga, na swali la kama itatoka au haitatoka: niambie ni somo gani la "indelible" litakuwa bora kuliko hilo.

Upande wa pili weka mgongo wa Yue Fei, jenerali aliyeuawa mwaka 1142. Historia rasmi ya enzi ya Song inasimulia kwamba alipohojiwa kwa tuhuma za uasi alipasua nguo na kuwaonyesha mgongo wake, umeandikwa herufi nne kubwa za kuapa uaminifu kwa nchi, zimezama kwenye ngozi. Masimulizi ya baadaye yanasema mama yake ndiye aliyezichoma. Wino na sindano vilevile, enzi ileile, na hakuna mtu nyumbani kwake aliyetaka zitoke. Waliomhoji ndio waliotamani zisingekuwepo. Kiingereza kingezipa tatuu zote mbili kivumishi kimoja, na mwanafunzi anayezijua tangu utotoni angeona mara moja upana wa neno, kutoka aibu ya usoni hadi kiapo cha mgongoni.

Kama ningepewa nusu ukurasa wa kitabu cha maneno, ningeanza na kidole cha mpiga kura na "cabudiao" peke yake, pamoja na mama na beseni lake. Kisha uso wa Song Jiang. Kisha mgongo wa Yue Fei, na hapo, mwishoni, ningeiruhusu "bu ke momie" iingie, bila nuktamkato, kwenye mstari wake. Mchango ningeupeleka kwa "lasting", neno lisilo na mkono wala kitambaa. Najua mtahiniwa atanung'unika kwamba ni neno dogo, la darasa la chini, halina silabi nne. Alama zake atapata hata hivyo.